Kutembelea Venezia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Mestre, upande wa bara, mwendo wa dakika kumi hivi kwa treni kutoka mji wa kale wa Venezia. Ndugu na marafiki wa Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na London hunipigia simu kabla ya kuja, na maswali yao ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Bei nilizozitaja ni za msimu wa 2025, na saa zote ni za Kiswahili isipokuwa niliposema vinginevyo.

## Kabla ya safari

Je, nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Utatakiwa pia kuwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15.

Ukizunguka nchi kadhaa za Schengen, omba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Na jambo linalowakwaza wengi: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Italia. Kama unaishi London lakini pasipoti yako ni ya Tanzania, viza ya Schengen ni lazima.

Nije miezi gani?

Machi na Oktoba ndiyo miezi ninayowashauri watu wangu. Julai na Agosti kuna joto la unyevunyevu kama la pwani yetu, ila bila upepo wa bahari, na mbu wa kutosha. Novemba hadi Januari kuna ukungu, baridi na uwezekano wa maji kujaa (tazama sehemu ya maji hapa chini), lakini mji unakuwa mtulivu na hoteli hupunguza bei, Krismasi na Mwaka Mpya zikiwekwa kando.

Tahadhari na majuma ya Karnivali, kabla ya Kwaresima, na Jumapili ya tatu ya Julai, sikukuu ya Redentore. Zinapendeza sana, ila vyumba huisha mapema na bei hupanda.

Siku ngapi zinatosha?

Hapa naomba unisikilize. Wageni wengi huingia Venezia saa nne asubuhi, wakasukumana hadi uwanja wa San Marco, wakapiga picha juu ya daraja la Rialto, na saa kumi na moja jioni wamo kwenye treni. Kisha husema mji ni ghali na umejaa watu. Saa hizo ni kweli umejaa, maana wote wamekuja saa hizo hizo.

Lala walau usiku mmoja, na ukiweza lala miwili. Mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951. Leo hawafiki 50,000. Hao waliobaki utawaona asubuhi na jioni, siyo mchana. Nenda Campo San Giacomo dall'Orio jua likishuka: watoto wanacheza mpira, wazee wamekaa kwenye mabenchi, akina mama wanaongea huku wakiwaangalia watoto. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa kinachoendelea pale. Mimi mwenyewe niliupenda mji huu jioni moja ya namna hiyo, baada ya miezi kadhaa ya kuuchukia mchana.

Nilale mji wa kale au Mestre?

Mestre ni nafuu, ina maduka ya halali, na treni na mabasi ya kwenda mji wa kale hayakatiki mchana kutwa. Ninaishi hapa na sina neno baya la kusema juu yake. Lakini kama bajeti inaruhusu usiku mmoja tu mji wa kale, fanya hivyo, kwa sababu nilizozitaja kwenye swali lililotangulia. Familia yenye watoto wengi nitaielekeza Mestre.

Kokote utakakolala, utatozwa kodi ya mgeni kwa kila usiku, juu ya bei ya chumba. Watoto walio chini ya miaka 10 hawalipi.

Ni kweli kuna kiingilio cha mji mzima?

Ni kweli, ila si kila siku wala si kwa kila mtu. Kilianza tarehe 25 Aprili 2024 kwa siku 29 za mwaka huo. Mwaka 2025 siku zikawa 54, nyingi zikiwa Ijumaa hadi Jumapili kati ya Aprili na Julai. Hutozwa anayeingia mji wa kale kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni bila kulala. Ni yuro 5 ukilipa siku nne au zaidi kabla, na yuro 10 ukichelewa. Kalenda ya mwaka hutolewa kwenye tovuti rasmi ya mji, cda.ve.it, na malipo hufanyika hapo hapo. Usilipe kwa tovuti nyingine.

Anayelala hotelini ndani ya manispaa ya Venezia, Mestre ikiwemo, halipi, kwa sababu analipa kodi ya usiku. Lakini hata yeye anatakiwa kujisajili na kupata msimbo wa QR wa msamaha. Wengi hudhani kutolipa maana yake ni kutofanya lolote, wakakuta faini ya kuanzia yuro 50. Watoto walio chini ya miaka 14 hawalipi. Visiwa kama Murano na Burano havimo katika mpango huu.

## Kufika na kutembea

Nikitua uwanja wa ndege wa Marco Polo, naingiaje mjini?

Njia nafuu ni basi hadi Piazzale Roma, mahali barabara inapoishia. Kuna pia boti za abiria za Alilaguna, zinazokatiza maji ya wangwa (ile bahari tulivu inayouzunguka mji) hadi mji wa kale. Ni za polepole lakini unaingia kwa njia ambayo mji ulikusudiwa kuingiwa. Teksi ya majini hupita yuro 100. Ndege nyingine za bei nafuu hutua Treviso, ambako basi la kuja Venezia lipo pia ila safari ni ndefu zaidi.

Treni yangu ina vituo viwili vyenye jina Venezia. Nishuke kipi?

Venezia Mestre ni bara. Venezia Santa Lucia ni mji wa kale wenyewe, na ndicho kituo cha mwisho. Ukitoka mlango wa Santa Lucia, Mfereji Mkuu uko mbele ya miguu yako.

Naweza kuingia na gari?

Hapana. Gari linaishia Piazzale Roma au kisiwa cha Tronchetto, kwenye maegesho ya kulipia. Baiskeli nazo haziruhusiwi mji wa kale, hata za kukokota. Mizigo ya maduka, taka, wagonjwa, jeneza, vyote hupita kwa boti au kwa mkokoteni.

Nibebe mizigo ya aina gani?

Michache. Kuna madaraja zaidi ya 400 na karibu yote yana ngazi. Begi la kilo 23 lenye magurudumu ni rafiki uwanja wa ndege na adui hapa. Kabla ya kukodi chumba, muulize mwenyeji maswali mawili: gati la karibu ni lipi, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna madaraja mangapi. Ukiwa na mzigo mzito, hamali wapo Piazzale Roma na kituoni. Patana bei kabla hajashika begi. Anayepita kwa siku moja tu aache mzigo kwenye stoo ya kituo cha Santa Lucia.

Vaporetto ni nini na tiketi inafanyaje kazi?

Ni daladala ya majini, matatu kwa lugha ya kwetu Kenya. Tiketi moja ni yuro 9.50 na hudumu dakika 75. Hiyo ni ghali, na ndiyo maana ukipanda zaidi ya mara mbili kwa siku ni heri kuchukua ya saa 24 kwa yuro 25, au ya saa 72 kwa yuro 45. Saa huanza kuhesabiwa unapoigusisha kwenye mashine ya gati mara ya kwanza, si unaponunua. Igusishe kila unapopanda, hata kama ni ya siku tatu. Wakaguzi hupita na hawasikilizi maelezo. Mwenye miaka 6 hadi 29 aulizie kadi ya Rolling Venice, inayompa tiketi ya saa 72 kwa bei ya chini. Aliye chini ya miaka 6 hupanda bure.

Mstari namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote na kusimama karibu kila gati. Upande Piazzale Roma jioni, mji ukianza kuwasha taa, ukae nje kama kuna nafasi, ushuke San Marco. Ni kama robo tatu ya saa. Kati ya vitu vyote vya kulipia mjini hapa, hakuna ninachokisifu zaidi.

Gondola ni bei gani? Je, inafaa?

Bei rasmi ni yuro 90 kwa nusu saa mchana, na yuro 110 kuanzia saa 1 jioni. Bei ni ya chombo kizima, si ya kichwa, na hubeba hadi watu watano. Basi mkiwa watano mchana ni yuro 18 kila mmoja. Chagua kituo kilicho mbali na San Marco ili upite mifereji midogo iliyo kimya.

Asiyetaka kutumia pesa hizo atumie *traghetto*: gondola ya kuvushia watu Mfereji Mkuu, yuro 2 kwa mgeni, dakika chache tu. Ni kivuko cha kweli cha wenyeji, na wengine huvuka wamesimama.

Nitapotea?

Utapotea, na simu haitakusaidia sana, kwani vichochoro vyembamba huichanganya. Anwani nazo zina mantiki yake. Mji umegawanyika mitaa sita: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hufuata mtaa mzima, si kichochoro, kwa hiyo "Castello 3500" haikuambii ni njia gani. Omba jina la kichochoro na la daraja lililo karibu.

Maneno machache yatakuokoa. *Calle* ni kichochoro, *campo* ni uwanja, *fondamenta* ni njia kando ya mfereji, *rio* ni mfereji mdogo, na *sotoportego* ni kipito chini ya nyumba, kama vile vya Lamu vinavyopita chini ya wikio. Kwenye kuta kuna vibao vya manjano vya kuelekea Rialto, San Marco, Ferrovia (kituo cha treni) na Piazzale Roma. Ukivifuata utafika, pamoja na umati wote. Usipovifuata utachelewa, na utaiona Venezia.

Saa za kwenye tiketi zinanichanganya.

Waitalia huandika kwa saa 24: 14:00 ni saa 8 mchana, 20:00 ni saa 2 usiku. Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili wakati wa baridi.

## Kula, kunywa na ibada

Nile wapi bila kuumizwa na bei?

Ingia kwenye *bacaro*, kibanda cha vitafunwa. Wanauza *cicchetti*: vipande vya mkate vyenye samaki, mboga au nyama juu yake, unachagua kwa kidole na kula umesimama. Wakazi hula hivyo jioni kabla ya chakula. Kwa mtu wa pwani kuna *sarde in saor*, dagaa wakubwa waliokaangwa kisha wakalazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Mama yangu alipoonja alisema huyu mpishi angeongeza pilipili tu, mambo yangekwisha.

Kahawa ya kunywa umesimama kaunta ni nafuu sana kuliko ya mezani. Kwenye mikahawa ya uwanja wa San Marco hulipia pia muziki unapopigwa. Mgahawani, mstari unaoitwa *coperto* kwenye bili ni ada ya meza kwa kila mtu. Ni halali na huandikwa kwenye menyu. Samaki akiuzwa kwa gramu 100, uliza uzito wake kabla hajaingia jikoni.

Soko la samaki la Rialto hufanya kazi asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi. Nenda mapema.

Nitapata chakula cha halali?

Mji wa kale ni shida kidogo: vibanda vya kebabu vichache, na jamii ya Wayahudi ina migahawa ya kosher mtaa wa Ghetto. Mestre kuna jamii kubwa ya Wabangladeshi, na bucha na migahawa ya halali ni mingi. Wengi wa wageni wangu hula samaki mji wa kale na nyama Mestre. Angalia mambo mawili: nguruwe huingia kwenye vitafunwa vingi kwa majina kama *prosciutto*, *speck* na *lardo*, na mvinyo hutiwa kwenye baadhi ya michuzi. Spritz, kile kinywaji cha rangi ya machungwa kilichoko kila meza, ni pombe.

Kuna msikiti?

Mji wa kale hakuna. Kumbi za kuswalia ziko upande wa bara, Mestre na Marghera. Inafaa kukumbuka kwamba jengo la Fondaco dei Turchi, kando ya Mfereji Mkuu, lilikuwa makao ya wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya tangu 1621 hadi 1838, na ndani yake walikuwa na mahali pa kuswalia. Leo ni makumbusho ya viumbe.

Nivae nini kuingia Basilika la San Marco?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kanga au leso ndani ya mkoba inatosha. Begi kubwa la mgongoni haliruhusiwi. Watalii hununua tiketi. Anayekwenda misa haulizwi tiketi, ila asizunguke kupiga picha.

Maji ya kunywa na vyoo?

Maji ya bomba ni salama, na kuna chemchemi zaidi ya 100 za bure viwanjani. Njoo na chupa. Vyoo vya umma hulipiwa, kwa hiyo tumia cha mkahawa unapokunywa kahawa.

## Maji yakijaa

Mji utafurika nikiwa huko?

Hili ni bamvua, si gharika. Maji hujaa na kupwa kila siku, kama kwetu. Kati ya Oktoba na Januari, bamvua ikikutana na upepo wa *sirocco* unaosukuma bahari ya Adriatiki kaskazini, maji hupanda kupita kawaida. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kipimo cha usawa wa bahari. Tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187.

Tangu tarehe 3 Oktoba 2020 kuna MOSE: milango 78 ya chuma iliyolala chini ya bahari kwenye milango mitatu ya wangwa, Lido, Malamocco na Chioggia. Hujazwa hewa ikainuka pale utabiri unapozidi sentimita 110. Chini ya kiwango hicho uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko sehemu nyingi, bado unaweza kulowa. Basilika lenyewe limezungushiwa ukuta wa kioo.

Ukikuta maji, usihamaki. Hukaa saa chache, kisha yanapwa. Viatu vya mpira huuzwa kila kona siku hizo, na manispaa hupanga majukwaa ya mbao ya kupitia. Tembea upande wa kulia na usisimame katikati kupiga picha, maana nyuma yako kuna mtu anayekwenda kazini.

## Sheria na usalama

Ni mambo gani yanayotozwa faini?

Kuogelea au kutumbukiza miguu mferejini, kukaa na kula kwenye ngazi za San Marco, kulisha njiwa, kutembea kifua wazi. Tangu 2024 kundi la watalii lenye kiongozi lisizidi watu 25, na vipaza sauti vimekatazwa. Anayepanga safari ya kanisa au ya shule ayagawe makundi mapema.

Kununua mkoba wa bandia barabarani ni kosa la mnunuzi pia.

Mji ni salama? Polisi wanaweza kunisimamisha?

Usiku unaweza kutembea peke yako. Wizi wa nguvu ni nadra. Wadokozi ndio tatizo, kwenye vaporetto iliyojaa, magatini na Rialto. Mkoba uwe mbele. Namba ya dharura ni 112.

Mgeni anatakiwa kuonyesha pasipoti au kibali cha kukaa polisi wanapomwomba, na nitasema wazi kwamba mtu mweusi huombwa mara nyingi zaidi. Usiiache pasipoti hotelini. Onyesha kwa utulivu, uendelee na safari yako.

## Hali za pekee

Nakuja na mzee anayetumia kiti cha magurudumu.

Inawezekana, kwa sababu vaporetto huingia kiti bila ngazi, na sehemu nyingi za mji zinafikika kutoka gatini. Manispaa ina ramani inayoonyesha sehemu zisizokatizwa na daraja la ngazi. Chagua hoteli kwa ramani hiyo kwanza, bei baadaye.

Kuna chochote hapa kinachotuhusu sisi watu wa Afrika?

Kipo kingi. Kwa mapokeo, mwili wa Mtakatifu Marko uliletwa kutoka Aleksandria, Misri, mwaka 828. Katika jumba la michoro la Gallerie dell'Accademia kuna mchoro wa Carpaccio wa miaka ya 1490 unaoonyesha daraja la Rialto lilipokuwa la mbao. Mbele kabisa, anayepiga kasia gondola ni kijana Mwafrika. Maktaba ya Biblioteca Marciana ina ramani ya dunia ya mtawa Fra Mauro ya mwaka 1450 hivi, kusini ikiwa juu, Afrika ikiwa imezungukwa na bahari miaka mingi kabla Vasco da Gama hajafika kwetu.

Kisha kuna shanga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga kama fedha, na nyingi, zikiwemo zile nyekundu zilizoitwa samesame, zilitengenezwa Venezia. Wanawake maskini walioitwa *impiraresse* walizitunga kwenye nyuzi wakiwa wamekaa milangoni mwa nyumba zao. Ufundi wa shanga za kioo uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020. Ukitaka zawadi ya kumpelekea bibi, tafuta fundi anayezichoma mbele yako, na uwe tayari kulipa. Kioo cha bei ya mkate hakikutoka Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo.

Utaona pia madukani sanamu za watumishi weusi waliovishwa dhahabu. Zimewaumiza wageni wangu, na mimi pia. Huna haja ya kununua kitu katika duka la namna hiyo.

Hoteli imeniahidi boti ya bure kwenda Murano. Nikubali?

Mara nyingi boti hiyo inakupeleka kwenye kiwanda kimoja na kukuacha mikononi mwa wauzaji. Panda vaporetto kwa tiketi yako ya saa 24, uchague mwenyewe. Matanuri ya kioo yalihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, na yapo kadhaa yanayopokea wageni.

Chaja yangu ya Kenya itaingia?

Haitaingia. Soketi za Italia ni za pini za duara. Njoo na adapta. Umeme ni volti 230, kwa hiyo kifaa chenyewe hakina tatizo.

Ndege yangu ni ya alfajiri. Nitatokaje?

Vaporetto ya usiku, mstari N, hupita Mfereji Mkuu hadi Piazzale Roma, lakini kwa nafasi ndefu kati ya boti moja na nyingine. Ukiwa na watoto au mizigo, usiku wa mwisho ulale Mestre, uagize teksi ya barabarani jioni ile ile. Mashuka, magauni na viatu vya mpira uvipange kabla ya chakula, kwa maana saa kumi usiku hakuna anayekumbuka pasipoti iko wapi.